Mnaotafuta jicho la tatu, someni mstari wa kwanza

Juzi binamu yangu kanitumia voisi ndefu WhatsApp, ananielezea alivyojiunga na grupu la kufungua jicho la tatu, yani kuona ya siri yasiyoonekana kwa macho haya. Mwalimu wao, ambaye mimi simjui na wala simtaji, anawaambia mafundisho yake yametoka kwenye vitabu vya Madam Blavatsky, kiingilio elfu hamsini, alafu kuna malango na kila lango unalifungua kwa elfu thelathini. Keshafungua matatu. Kodi ya nyumba hana, na kichwa kinamuuma kila asubuhi maana anaamka saa tisa usiku anakodolea mshumaa mpaka alfajiri.

Nimekaa na hiyo voisi siku mbili bila kujibu. Sio kwamba sikuwa na la kusema, niliumia, kwa sababu hivyo vitabu mimi navipenda kweli, na kimoja kati ya hivyo kilinishika mkono kipindi mama amelazwa na mimi sikuwa na wa kumshika.

Tumjue kwanza mwenyewe. Helena Petrovna Blavatsky alizaliwa 1831, mji ambao leo ni Dnipro kule Ukraine, enzi hizo chini ya Urusi. Mwaka 1875 akiwa New York, yeye na kanali mmoja Mmarekani, Henry Steel Olcott, na mwanasheria William Quan Judge na wenzao wakaanzisha Chama cha Theosofia, baadae makao yakahamia India, Adyar, huko Madras, leo Chennai. Wazo lao kwa kifupi ni kwamba chini ya dini zote kuna hekima moja ya zamani, ile ambayo wazee wetu wa Pwani wangeiita elimu ya batini, elimu ya ndani iliyofichika, na lengo la kwanza la chama likaja kuandikwa hivi: undugu wa wanadamu wote bila kubagua rangi, imani, jinsia wala tabaka. Aliandika vitabu vikubwa vya kutisha, Isis Unveiled 1877 na The Secret Doctrine 1888, kila kimoja juzuu mbili nene. Ndivyo watu wanavyopenda kupiga navyo picha.

Ila kile ninachokisema mimi ni kidogo. The Voice of the Silence, yani Sauti ya Kimya, alikitoa 1889, sehemu alikiandika Fontainebleau huko Ufaransa tayari mgonjwa, miaka miwili tu kabla hajafariki London. Unaweza kukimaliza kwa kikao kimoja, japo mimi sikushauri. Na mstari wake wa kwanza kabisa, kabla hujaambiwa chochote kingine, unasema mafundisho haya ni ya wale wasiojua hatari za iddhi za chini. Iddhi ni neno la Kipali, maana yake zile nguvu zisizo za kawaida, kuona ya mbali, kusikia yasiyosikika, vitu vya namna hiyo, na yeye mwenyewe kaweka maelezo kwamba ziko za aina mbili, za chini na za juu. Kwa hiyo kitabu kinafungua mlango kwa onyo. Hicho hicho ambacho watu wanauziana kwa elfu thelathini, mwenye kitabu kakitaja kama hatari kwenye sentensi ya kwanza, na binamu yangu hajawahi kuonyeshwa hiyo sentensi.

Na huo mstari kuna stori nyuma yake ambayo ukiijua unausoma tofauti. Kule Adyar kulikuwa na habari za barua kutoka kwa mabwana wa siri wa Himalaya, wale Blavatsky aliosema ndio walimu wake, barua zinatokea zenyewe, zinadondoka, zinakutwa ndani ya kabati. Mwaka 1884 mama mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa pale, Emma Coulomb, akatoka hadharani akasema ni udanganyifu na yeye alishiriki, jumuiya ya utafiti wa mambo ya roho ya London ikamtuma Richard Hodgson akachunguze, na ripoti ya 1885 ikamwita Blavatsky tapeli. Karibu miaka mia baadae, 1986, Vernon Harrison, mtu wa jumuiya hiyohiyo, akaichambua ile ripoti na kusema haikumtendea haki. Mimi sitaki kuamua kesi hiyo hapa. Ninachokiona ni kwamba maajabu ndiyo yaliyomletea umaarufu na maajabu ndiyo yaliyomvunjia jina, na miaka minne baada ya ile aibu kakaa chini akaandika kitabu kinachoanza kwa kusema jihadharini na maajabu. Hiyo kwangu ni sauti ya mtu aliyeungua.

Kitabu kina vipande vitatu na cha mwisho kinaitwa Malango Saba, bila shaka huko ndiko mwalimu wa binamu alikookota neno lake. Haya, someni basi malango yenyewe. Ufunguo wa kwanza ni Dana, ukarimu na upendo. Wa pili ni Shila, neno lako na tendo lako viende pamoja. Wa tatu ni Kshanti, subira ambayo hakuna cha kuitibua. Inaendelea hivyo, kuutuliza moyo usiyumbishwe na raha wala maumivu, ujasiri, tafakuri, hekima. Hakuna mshumaa. Ukitaka kujua kama lango la kwanza umelifungua, muulize jirani yako au mkweo au yule dada wa kazi hapo nyumbani.

Ntawapa mfano wangu. Mama alipolazwa nilienda steshenari nikaichapa pidiefu yake, karatasi zimebanwa na kibanio, nikawa nazo kwenye benchi la nje ya wodi nikisubiri saa ya kuona wagonjwa. Kuna sehemu kinasema usiliache jua kali likaushe chozi la maumivu kabla hujalifuta wewe mwenyewe kwenye jicho la anayeumia, na kila chozi la mtu liangukie moyoni mwako likae hapo. Nimesoma hapo, nimeinua macho, pembeni yangu kuna bibi kashika kipande cha khanga mdomoni analia kimyakimya, mkononi ana karatasi ya dawa imekunjwa mpaka imelegea. Nilikuwa nimekaa nae karibu saa nzima. Saa nzima nasoma habari za huruma na sijamwona. Ile dawa haikuwepo pale, ikabidi nitoke nje nikamtafutie, na niliporudi tulikunywa chai ya maziwa kwa kupokezana kikombe kimoja cha chupa. Kama kuna jicho liliwahi kufunguka kwangu ni siku ile, na lilikuwa ni haya haya mawili.

Sasa kuna jambo siwezi kuliruka, maana wapenzi wengi wa theosofia wanaliruka. Juzuu ya pili ya The Secret Doctrine inaeleza vizazi vikuu saba vya wanadamu, cha tatu waliishi Lemuria, cha nne Atlantis, mabara anayosema yalizama, cha tano ni hawa anaowaita Waariani, na ndani ya maelezo hayo kuna watu wa leo, wakiwemo baadhi ya makabila ya Afrika, wanaandikwa kama mabaki duni ya vizazi vilivyopita. Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Mimi ni mtu mweusi, babu yangu ni wa Bagamoyo, sitasoma hizo kurasa kama vile zinamzungumzia mtu mwingine. Wapo watakaosema alimaanisha hatua za roho sio rangi ya ngozi, nimeisikia hoja hiyo mara nyingi, ila kina Guido von List na Lanz von Liebenfels kule Austria walizisoma hizo habari wakazigeuza kuwa dini ya ubaguzi, na mbegu waliikuta imeshapandwa. Hata hiyo Lemuria haikuwa siri ya mabwana wowote, ni dhana ya mwanazuolojia Philip Sclater ya 1864, alikuwa anajiuliza kwa nini Madagaska na India kuna wanyama wanaofanana, akawaza kulikuwa na bara limezama hapa kwenye bahari yetu ya Hindi. Sayansi ikaja kuelewa kwamba mabara yenyewe yanasogea na lile bara halikuhitajika tena. Kwa hiyo tuseme wazi, hapo Blavatsky alikosea, na alikosea dhidi ya lile lengo la kwanza la chama chake mwenyewe. Kumpenda mwandishi hakukulazimishi umeze kila kitu.

Na kuhusu walimu wa kujipachika, kuna Krishnamurti. Mtoto wa Kihindi aliyeonwa ufukweni Adyar 1909, Annie Besant na Leadbeater, wakubwa wa Chama cha Theosofia wakati huo, wakamlea kwamba ndiye atakayekuwa Mwalimu wa Dunia, 1911 ikaundwa jumuiya nzima ya kumsubiri. Tarehe 3 Agosti 1929, Ommen huko Uholanzi, mbele ya maelfu ya wafuasi na Besant mwenyewe yupo pale, akaivunja. Akasema ukweli ni nchi isiyo na njia, hakuna chama kitakachokupeleka. Mali zilizotolewa zikarudishwa kwa wenyewe. Alikuwa na miaka 34. Mtu aliyepewa uungu kwenye sinia akausukuma, na sisi tunamlipa mtu ambaye hata sura yake hatuijui.

Babu yangu wala hakuwahi kulisikia neno theosofia. Alikuwa anakwenda zikri ya Kadiria, tarika ya Waislamu wa Kisufi, tulipokuwa wadogo tunasikia zile pumzi zinapanda na kushuka mpaka kwenye uwanja wa nyuma. Nilipomuuliza wanapata nini mle ndani alisema anapigana na nafsi yake, alafu akaendelea kusuka ukili. Na Pwani hii hii ndiko ilikotungwa Inkishafi, ya Sayyid Abdalla wa Pate, jina lenyewe lina maana ya kufunuliwa, na kinachofunuliwa ni nini? Ni madaka ya nyumba za matajiri, palipokuwa pamepangwa sahani za thamani, sasa vifaranga vya ndege ndio wanalala humo, na uhai ni taa kwenye upepo. Mshairi anauambia moyo wake, wala hauambii ulimwengu. Nikiisoma na ile Sauti ya Kimya naona wanakaa benchi moja kabisa.

Binamu nimemjibu jana. Nilimpigia picha ukurasa wa kwanza nikamtumia, sikuandika kitu juu yake. Kakaa muda mrefu anaandika anafuta, alafu kaniuliza kama Jumamosi nipo. Nipo. Nimemtolea kopi yake, hela ya kodi tutaangalia tunachanga vipi, na usiku alale.