Kazi imekwisha, mfumo unasema asilimia 60

Kila aliyefanya kazi za mifumo ya kompyuta hapa Dodoma anajua mwisho wa Juni unavyokuwa. Mwaka wa fedha unafungwa, taarifa ya utekelezaji ya robo ya nne inadaiwa, na kila mwenye mradi anapigiwa simu ajaze. Mwaka huu nilialikwa kwenye kikao cha aina hiyo katika ofisi moja mjini, kama mtu wa nje wa kutoa ushauri. Ukutani waliweka jedwali kutoka kwenye mfumo wao wa usimamizi wa miradi. Mkurugenzi akasimama kwenye mstari wa moduli ya risiti, yaani sehemu ya programu inayotoa risiti.

"Hii mbona bado iko sitini?"

Kijana aliyeiandika akajibu kwa adabu, "Mama, hiyo iko hewani tangu mwezi wa tano. Vituo vinatoa risiti kila siku."

"Kwenye mfumo iko sitini."

Mjadala ukaishia hapo. Kijana akaandika kwenye daftari lake kwamba akitoka arekebishe, kikao kikasonga. Chini kidogo ya mstari ule kulikuwa na moduli ya ripoti za mikoa, asilimia 100, rangi ya kijani, ikapongezwa. Baada ya kikao tukafungua pamoja GitLab yao, hifadhi ya msimbo, yaani maandishi yenyewe ya programu. Tawi la ripoti za mikoa, yaani nakala ya pembeni ya kufanyia kazi, halikuwa limeunganishwa na tawi kuu, na majaribio ya kiotomatiki yalikuwa yamefeli, alama nyekundu ipo pale kila mtu aione. Kwa hiyo kazi iliyokwisha ilionekana haijakwisha, na ambayo haijafika popote ikapigiwa makofi.

Sina neno na mkurugenzi. Mama yule alisoma alichowekewa mbele yake. Kinachonikera ni kwamba ukweli wote wa mradi ule ulikuwa ndani ya jengo lilelile, kwenye seva iliyo korido moja na chumba cha kikao, na hakuna aliyewahi kuuvuta mpaka kwenye jedwali.

Nikamuuliza kijana ile 60 ilitoka wapi. Aliikadiria mwezi wa tatu, siku mratibu alipotuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp kwamba wote wajaze kabla ya saa tisa alasiri. Akajaza, akarudi kwenye kazi yake. Huyu kijana kazi moja anaitolea taarifa mahali panne: tiketi (kadi ya kazi) kwenye GitLab, mstari kwenye mfumo wa miradi, eksel ya mratibu, na PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji, kwa kuwa ni mtumishi wa umma. Mahali panne, na katika pote hapo anaandika kwa kukumbuka. Mtu tunayemtegemea afikirie jinsi risiti moja isitolewe mara mbili, tunamkalisha akumbuke alichofanya Machi.

Asilimia inayojazwa kwa mkono ni maoni ya mtu, na maoni hubadilika kulingana na nani anauliza na saa ngapi. Komiti, yaani badiliko la msimbo lililowekwa kwenye kumbukumbu, ni tukio lililotokea. Git, programu inayotunza kumbukumbu hizo, tangu Linus Torvalds aitoe mwaka 2005, huandika kwa kila komiti jina la aliyefanya, saa, na alama inayokokotolewa kutokana na maudhui yenyewe, hata ukibadilisha herufi moja alama inakuwa nyingine. Huko kuna kumbukumbu ambayo mkaguzi yeyote angeitamani. Sisi tunaiacha imelala, tunaenda kumuuliza mtu kwenye WhatsApp.

Na hatuwezi kusema hatujui kuunganisha mifumo. Nchi hii ina GePG, mfumo wa serikali wa malipo ya kielektroniki. Kila mtu, hadi bibi anayelipia kiwanja huko Nzuguni, anajua kontroli namba. Unapewa namba, unalipa kwa simu au benki, malipo yanatembea na ile namba, na bili inajifunga yenyewe. Hakuna anayepiga simu ofisini kusema nimelipa kama asilimia 80 hivi, naomba mjaze. Namba ya kazi kwenye mradi wa programu inatakiwa ifanye kazi hiyohiyo kabisa. Ikizaliwa kwenye mfumo wa miradi, iingie kwenye jina la tawi, iingie kwenye ujumbe wa komiti, ipite kwenye mapitio ya msimbo, ifike hadi siku toleo linapopandishwa hewani. Kila inapopita, mfumo wa miradi upate habari bila mtu kuandika kitu.

Chukua ile moduli ya risiti. Kwenye mpango kazi iite MAL-214. Kijana anafungua tawi, analiita MAL-214-risiti-mara-mbili. Anakomiti kwa ujumbe "MAL-214 zuia risiti kutolewa mara mbili kwa malipo mamoja". Hapo amemaliza wajibu wake wa kutoa taarifa. Hilo ni jambo la sekunde chache na analifanya akiwa palepale kwenye kazi, kichwa bado kina moto.

Zana nyingi zinalielewa hili zamani. Jira, programu ya kusimamia kazi za mradi, ikiunganishwa na hifadhi ya msimbo inasoma namba ya tiketi kwenye jina la tawi na kwenye komiti. Hifadhi za msimbo kama GitHub na GitLab, ukiandika Fixes au Closes na namba, tiketi inafungwa mabadiliko yakifika kwenye tawi kuu. Redmine, programu ya miradi ambayo ni ya bure na imekuwepo tangu 2006, inasoma maneno ya namna hiyo pia, na msimamizi anaweza kuipanga ibadili hali ya kazi pamoja na hiyo asilimia wanayoipenda wakubwa. Kwa hiyo mtu akiniambia tunasubiri bajeti ya programu ya kuunganisha, namuuliza kwanza: mmekubaliana namba? Nimeiona ofisi ikiomba nukuu za bei kwa wazabuni wakati mpango kazi wao una namba zake, GitLab ina zake, na eksel ina zake. Hapo ununue kitu gani kikusaidie?

Nikubali kwamba mabomba yenyewe yana usumbufu wake, hasa kwa mazingira yetu. Kinachobeba habari ni webhuku: tukio likitokea kwenye hifadhi ya msimbo, hifadhi inatuma ujumbe kwenye anwani uliyoipa. Sasa mifumo ya miradi kwenye ofisi nyingi iko mtandao wa ndani, haionekani kutoka nje. Ukitumia GitHub ya mtandaoni, ujumbe wake unagonga ukuta. Ama uweke GitLab ndani ya mtandao wenu, ama uandike programu ndogo iliyokaa ndani inayotoka yenyewe kila baada ya dakika kadhaa kuuliza kupitia API, njia ya programu moja kuzungumza na nyingine, kuna nini kipya. Hiyo ya pili naipenda zaidi, haifungui mlango wowote.

GitHub inakupa sekunde 10 za kujibu webhuku, ukichelewa inahesabu umeshindwa, na haikutumii tena yenyewe. Umeme umekatika, jenereta imechelewa kuwaka, ujumbe umepotea. Wengi hapo ndipo huanguka, wanasema uunganishaji haufanyi kazi, wanarudi eksel. Dawa yake inajulikana. Programu inayopokea isifanye kazi yoyote papo hapo. Iweke ujumbe kwenye foleni, ijibu, halafu ichakate taratibu. Kila ujumbe una kitambulisho chake, kihifadhi, ukija mara ya pili uuache, usije ukahesabu kazi moja mara mbili. Hakiki saini, ile HMAC ya SHA-256 inayotokana na siri mliyopeana, la sivyo mtu yeyote aliyeko kwenye mtandao anaweza kukufungia kazi kwa ujumbe wa kutunga. Na usiku, watu wakiwa wamelala, fanya usuluhisho kama wahasibu wanavyofanya wa benki: pitia matawi yote yaliyounganishwa siku hiyo, linganisha na hali za kazi, kilichopungua kijazwe. Usuluhisho huu ndio uti wa mgongo wa kila kitu. Mwenye nao hata akikosa webhuku zote za siku moja, asubuhi jedwali liko sawa.

Kazi ngumu hasa iko kwenye maana ya "imekamilika", na hapa ndipo meneja mradi na developa wanapishana kila siku. Kwa developa, tawi likishaunganishwa amemaliza. Kwa meneja mradi, kumaliza ni mteja kusaini majaribio ya kukubali mfumo, kwa sababu malipo ya mkandarasi yamefungwa pale. Ukiunganisha zana bila kumaliza ubishi huu, utakuwa umeharakisha uongo. Mfumo utafunga kazi tawi linapounganishwa, hati ya madai itaandaliwa, na mtumiaji kule Kondoa hajawahi hata kukiona hicho kitu. Napendelea hali nne zenye majina ya wazi: imeunganishwa, imejaribiwa, iko hewani, imepokelewa. Tatu za kwanza zijazwe na mashine kutoka kwenye hifadhi ya msimbo, seva ya majaribio na hatua ya kupandisha toleo. Ya nne ijazwe na binadamu mwenye mamlaka, kwa jina lake, na malipo yaangalie hiyo ya nne peke yake.

Wakubwa wanataka asilimia, haya. Ihesabiwe kutokana na hali hizo, kazi ngapi ziko hewani kati ya ngapi, na mtu asiweze kuigusa kwa mkono. Wale wataalamu 17 wa programu waliokutana Snowbird, Utah, mwaka 2001 na kutoa Ilani ya Agile waliandika kwamba programu inayofanya kazi ndiyo kipimo kikuu cha maendeleo, na sijaona mwaka wowote tangu wakati huo uliowakanusha.

Kuna kazi zisizo na msimbo, najua. Kufundisha watumiaji, kununua vifaa, kwenda mikoani kukusanya mahitaji. Hizo zitajazwa kwa mkono. Hazihalalishi kuzijaza kwa mkono na zilizobaki.

Jambo moja nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeshaliona linaanza. Ukishaunganisha, mtu atakuja na wazo la kuhesabu komiti za kila kijana na kuzipanga kwenye jedwali, nani wa kwanza nani wa mwisho. Tafadhali sana, msifanye hivyo. Developa anayefuta mistari mingi ya msimbo mbovu na kuacha michache iliyo safi amefanya kazi kubwa kuliko aliyeongeza rundo. Anayekaa asubuhi nzima kumwelekeza mwenzake mgeni haachi komiti hata moja. Vijana wakigundua wanahesabiwa komiti, wataikata kazi moja vipande ishirini, na ile kumbukumbu tuliyokuwa tunaiamini itakuwa imeharibika kuliko asilimia za kukadiria. Kinachovuka kwenda kwenye mfumo wa miradi kiwe namba ya kazi, hali, na saa. Jina la mtu libaki kwenye hifadhi ya msimbo, wanapoliona wenzake wa timu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022; mienendo ya mfanyakazi dakika kwa dakika si ya kutembeza kwenye kila mfumo kwa sababu tu bomba lipo. Na msimbo wenyewe usivuke kabisa. Mfumo wa miradi hauuhitaji.

Nikiwa hapohapo, niseme na walimu. Vijana wanaonifikia kutoka UDOM na vyuo vingine kwa mafunzo kwa vitendo wanaijua Git, wengine kuliko mimi nilivyokuwa umri wao. Wanakomiti vizuri. Ila ujumbe wao unasomeka "mabadiliko", "marekebisho ya mwisho", "marekebisho ya mwisho kabisa", kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kwamba komiti ina msomaji mwingine nje ya darasa: meneja, mkaguzi, developa atakayerithi mfumo wao wakishahamishiwa Kigoma. Miradi ya mwaka wa mwisho ingekuwa inadai namba ya kazi kwenye kila komiti, wangefika ofisini tayari.

Upande wa wakandarasi, nimesikia wakisema wao wana zana zao na ofisi ina zake. Sawa, wawe nazo. Zana yoyote ya maana leo ina API. Anayekataa kutoa hali za kazi kupitia API kwa mfumo wa mteja anayemlipa, ningependa aeleze kwa nini kabla mkataba haujasainiwa.

Mwaka mpya wa fedha umeanza Julai Mosi na sasa hivi hadidu za rejea nyingi zinaandikwa. Unayeziandika, ongeza kifungu hiki: kila badiliko la msimbo libebe namba ya kazi iliyoko kwenye mpango kazi ulioidhinishwa, mkandarasi atoe hali za kazi kupitia API kwa mfumo wa miradi wa mteja, badiliko lisilo na namba lisiunganishwe kwenye tawi kuu. Hilo la mwisho halihitaji hata kumbembeleza mtu. Kwenye seva ya GitLab iliyo chini yenu kuna sehemu ya kuweka kanuni, komiti isiyo na namba inakataliwa pale inaposukumwa. Halafu kwenye kikao cha kwanza cha mradi, kabla ya chai, meneja mradi na developa mkuu wakae upande mmoja wa meza waandike zile hali nne kwenye karatasi moja na kila mmoja asaini.