Luteni, Mume Wake na Maiti wa Mwaka 2058

Rafiki yangu mmoja ni muuguzi wa zamu ya usiku. Alfajiri akivuka feri ya Likoni kurudi kwake, mkobani hakosi kitabu, na aghalabu ni cha mfululizo ule ule: polisi wa kike, jiji la New York, mwaka 2058, maiti mapema na busu halichelewi. Juzi barazani kijana mmoja, msomaji mkubwa wa hadithi za upelelezi, alikichukua kile kitabu, akatazama jalada, akakirudisha kwa vidole viwili kama aliyepewa samaki wa jana. "Dada, hii si kesi. Ni mapenzi yaliyotiwa pingu."

Dada alicheka tu, akatia kitabu chake mkobani. Mimi ndiye niliyeondoka na maneno yale, kwa sababu nimeyasikia mara nyingi, na kila mara anayeyasema ni mtu ambaye hajafika ukurasa wa hamsini.

Wasiousoma mfululizo huo, uitwao In Death kwa Kiingereza, waelewe haya machache. Nora Roberts, Mmarekani aliyekwisha kupata jina kwa riwaya za mahaba, alianza kuutoa mwaka 1995 kwa jina jingine, J. D. Robb. Mpelelezi wake ni Luteni Eve Dallas wa kitengo cha mauaji. Dunia yake imetoka kwenye vita vya mijini, bunduki za raia zimepigwa marufuku, na ukahaba una leseni. Katika kitabu cha kwanza anauawa mwanamke wa kazi hiyo, mjukuu wa seneta, kwa bastola ya kale, na miongoni mwa washukiwa yumo tajiri mmoja aitwaye Roarke. Kufikia kitabu cha tatu, luteni na aliyekuwa mshukiwa wake wameoana. Riwaya zimeshapita 50, na ndoa ingalipo.

Hoja ya kijana wa barazani ina wazee wake. Mwaka 1928 mwandishi wa Marekani S. S. Van Dine alitoa kanuni 20 za hadithi ya upelelezi, na ya tatu inakataza mahaba: kazi ni kumfikisha mhalifu mbele ya sheria, si kuwafikisha wapenzi mbele ya kasisi. Miaka tisa baadaye Dorothy L. Sayers wa Uingereza alimwoza mpelelezi wake, na kwenye jalada akatania kwamba hii ni hadithi ya mapenzi inayokatizwa na upelelezi. Wengine walisema upelelezi hauwezi kuoana na hadithi za wakati ujao, kwani mwandishi atajitolea kifaa cha ajabu kila anapokwama. Isaac Asimov aliwajibu mwaka 1954 kwa riwaya ya askari anayepeleleza mauaji akiwa na mwenzake roboti. Kwa hiyo hakuna ndoa iliyofungwa hapa bila watu kuipinga kwanza.

Tena, sisi wa Mombasa ndio tungekuwa wa mwisho kushangaa. Ni nani aliyetufundisha kwamba fumbo na mapenzi hukaa nyumba mbali mbali? Taarabu nzima ni upelelezi: mwimbaji anataja ua, chombo, au ndege aliyeruka, na ukumbi mzima wapeleleza nani kalengwa, na mwenye kulenga hujulikana kwa kuinuka kwenda kutunza. Leso ni hivyo hivyo. Mke akitoka na leso mpya yenye jina kali, jirani hasomi urembo wa pindo, asoma ushahidi. Duka la Mali ya Abdulla la Barabara ya Biashara lina mizizi ya 1887, na sidhani kuna faili ya polisi mjini hapa yenye mafumbo mengi kulishinda.

Lakini hebu niliache hilo, nije kwenye jambo linalonikalia kichwani. Vitabu hivi vilivyozidi 50 vyote vimechukua miaka mitatu na kidogo tu ya maisha ya Eve. Vilianza 2058, na vya karibuni viko 2061. Ukigawa, ni kesi moja kila wiki tatu hivi. Msomaji aliyeanza naye akiwa na miaka 20 sasa ana 50. Eve alianza akiwa na 30, na bado hajafika 35. Wenye dharau huichukua hesabu hii kama kichekesho: polisi gani huyo, maiti hazimpi hata nafasi ya kufua nguo?

Mimi nikiitazama naona mwandishi aliyekataa kuharakisha ndoa. Eve alipatikana akiwa mtoto wa miaka minane katika kichochoro cha mji wa Dallas, kapigwa, kavunjwa, hana jina. Hata hilo alilo nalo alipewa na waliompokea. Mtu kama huyo hajifunzi kukaa na mwenzake kwa sura moja ya mwisho. Katika mahaba ya kawaida harusi ndiyo kituo cha gari moshi, wote mwashuka. Hapa harusi iko kitabu cha tatu, kisha vinakuja vingine zaidi ya 47 vya kuuliza: haya, sasa mtu huyu atalalaje usiku? Atamwambiaje mumewe kwamba leo ameona maiti wa mtoto? Ataombaje radhi, yeye ambaye hakuombwa hata siku moja? Kila kesi ya wiki tatu inasogeza jambo hilo kwa unene wa ukucha. Sijui riwaya nyingi za waandishi wanaoheshimiwa zilizoipa ndoa subira ya namna hiyo.

Tena kuna ubao. Eve ana ofisi nyumbani, na humo huweka ubao wenye picha za waliouawa. Mumewe huingia na sahani za chakula, wakala wakiwatazama. Wanaosema mapenzi yanamsahaulisha msomaji maiti hawajafika hapo mezani. Katika zile hadithi "safi" za kanuni 20, marehemu ni tatizo la hesabu, na akishapatikana muuaji hakuna anayemkumbuka jina. Katika hizi marehemu huletwa nyumbani, hutajwa kwa jina kati ya mume na mke, na mume huuliza alikuwa mtu wa namna gani.

Rafiki yangu muuguzi aliniambia kwamba kinachomshika ni hicho, kuliko hata mabusu. Anafanya kazi mahali ambapo watu hufa saa tisa za usiku, na amechoka kuwaona wakigeuka namba za kitanda. Katika riwaya hizi luteni huweka kidole cha maiti juu ya kifaa kidogo, na jina hutoka palepale. Msomaji wa New York hupita hapo bila kusimama. Msomaji wa pwani ya Kenya hukwama. Kule msitu wa Shakahola, Kilifi, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa, makaburi yalianza kufukuliwa Aprili 2023, miili ikapita 400, na familia za kwanza hazikukabidhiwa watu wao mpaka Machi 2024, baada ya kungoja majibu ya DNA. Karibu mwaka mzima mama hajui kama anayemlilia yuko mochari ya Malindi au yu hai. Kenya ilipitisha sheria ya huduma ya wachunguzi wa vifo mwaka 2017, ikakaa miaka bila huduma yenyewe kusimama. Magari yanayoruka ya 2058 hayatushangazi sana, simu zenye sura ya anayezungumza tunazo tayari. Cha ajabu kwetu ni mtu wa serikali kukosa usingizi kwa ajili ya maiti wa kahaba.

Na hapa ndipo upande wa pili una haki ya kunikatiza, kwa hoja nzito kuliko ya Van Dine.

Hoja hiyo nimeisikia kwa wanaharakati wa haki, nayo ni hii: kumpenda polisi kitabuni ni kujizoeza kumsamehe nje ya kitabu. Mombasa ina familia, Majengo, Kisauni na kwingineko, ambazo vijana wao walichukuliwa na watu wasiojitambulisha wasirudi. Mamlaka huru ya kuwasimamia polisi iliundwa kwa sheria ya 2011 kwa sababu nchi ilijua polisi hawawezi kujichunguza wenyewe. Ukimwambia mama wa familia hiyo kwamba kuna luteni mzuri, mwenye uchungu wa utotoni na mume anayemkanda mabega, atakuuliza unamuuzia nini.

Na Roarke mwenyewe? Yule bwana anamiliki sehemu kubwa ya jiji, alianza maisha kwa wizi Dublin, na nyumbani ana chumba cha kompyuta ambazo hazikuandikishwa kama sheria ya dunia ile inavyotaka. Mkewe akikwama, mlango wa chumba hicho hufunguliwa, na siri za benki na za watu zinamwagika. Msomaji anashangilia, maana muuaji atakamatwa. Lakini ondoa mahaba, uandike tena habari hiyo kwa lugha ya gazeti: bilionea anachimbua taarifa za raia bila idhini ya mahakama ili kumsaidia afisa wa polisi ambaye ni mke wake. Katika nchi iliyotia saini mwaka 2014 mkataba wa kufunga kamera 1,800 Nairobi na Mombasa, na ambayo sheria ya kulinda data imeipata 2019, habari hiyo haimfurahishi mtu. Hapa mapenzi yanafanya kazi ya sabuni, na sabuni nzuri, haiachi hata harufu.

Nimejaribu kuijibu hoja hii, na sehemu tu ndiyo inayojibika. Ni kweli Eve huingia chumba kile kwa kusitasita, na vitabu vyenyewe vinajua kuna mstari unavukwa. Mara nyingi ugomvi wao mkubwa uko papo hapo, yeye anayeamini beji na mumewe anayeamini matokeo. Polisi wa hadithi safi hana mtu wa kumuuliza usiku "umefanya nini leo?" Huyu anaye. Ndoa inampa shahidi, na shahidi hodari, anayejua uongo kwa sababu aliufanyia biashara. Hilo halipunguzi kosa la chumba, ila linalifanya lionekane. Kwa yule mama wa Kisauni, hata hivyo, sina jibu, wala sitamtaka asome.

Kijana wa barazani ninaye jibu lake. Alisema hii si kesi. Kesi ni nini basi, kama si mtu aliyekuwa na jina, mtu aliyemuua, na mtu wa tatu aliyekataa kulala? Huyo wa tatu ana nyumba. Kumtoa nyumba ili apendeze ni mtindo tu, kama kanzu isiyo na mfuko, wala si sheria ya maumbile.

Ninachosikitikia ni kwamba kwa Kiswahili vipande vyote tunavyo, ila havijawahi kushonwa pamoja vikakaa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupa mpelelezi Bwana Msa, kiko mdomoni na rafikiye Najum ubavuni, katika riwaya iliyotoka 1960. Katama Mkangi, mwana wa pwani yetu, alimrusha shujaa wake hadi nchi ya mbali ya Walenisi, yaani wale ni sisi, mwaka 1995, mwaka ule ule Eve Dallas alipozaliwa kitabuni. Mahaba ndiyo usiseme. Mtu akae aandike Mombasa ya 2058: mshukiwa anayedai alikuwa ng'ambo usiku wa mauaji, na kesi yote inaning'inia kwenye saa ya kuvuka Likoni, inspekta wa kike ambaye mahojiano yake makali yanashindwa na ya mama mkwe siku ya posa.

Jambo moja tu halitanukulika. Katika dunia ya Eve kahawa halisi ni ya matajiri, wengine wote hunywa mchanganyiko wa soya, na Roarke alianza kumlainisha kwa kumpelekea kahawa yenyewe. Hapa hilo halifui dafu. Muuza kahawa chungu hupita Mji wa Kale jioni na dele lake, akigonga vikombe, na maskini na tajiri hunywa kikombe kimoja. Mombasa ikikauka, itakauka mahali pengine. Maji yetu mengi ya mfereji hutoka Mzima na Baricho, mbali na kisiwa, na visima vya mitaani vina chumvi. Hata leo mkokoteni wa mitungi ya lita 20 husikilizwa kama muziki. Kwa hiyo huyo bwana wetu wa 2058 atatuma mitungi kumi ya maji matamu, kwa mkokoteni, mchana kweupe, mtaa mzima ukihesabu. Na inspekta, kiu imemshika koo, kabla hajaonja itambidi aulize yametoka wapi.