Mshenga Aliyepaka Piko

Kazi ya mshenga haina masharti mengi. Uwe mtu mzima, uwe na ulimi, na ndoa yako mwenyewe iwe bado imesimama. Ndiyo maana mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, aliponiomba nimpelekee barua ya posa Mbagala, ukoo ulipitisha jina langu bila ubishi. Shangazi akamalizia: "Huyo anafaa. Hata asiposema neno, mvi zake zitamsemea."

Alikuwa ananisifia. Nilikwenda kulala nimenuna. Nina miaka 49, na kichwani kwangu mimi bado ni yule kijana aliyekuwa anadandia daladala kwa mguu mmoja. Halafu mtu anatangaza mvi zangu mbele ya kikao kizima na zinaandikwa kwenye kumbukumbu.

Kwa hiyo Jumamosi ya safari, asubuhi, nikaingia kwa kinyozi Manzese. Saluni yenyewe ina kioo ukuta mzima mbele na kingine ukuta mzima nyuma. Ukikaa kwenye kiti unajiona mko foleni, wewe na wewe na wewe, mnazidi kuwa wadogo na wa kijani mpaka mnapotelea ukutani. Yule wa mbele sina ugomvi naye, tunaonana kila siku. Shida ni yule anayempa mgongo. Yule ana utosi unaong'aa, na nilikuwa sijawahi kutambulishwa kwake.

Kioo cha nyumbani bwana kinatudanganya sote, tena kwa upole. Kinageuza kulia kuwa kushoto, kwa hiyo uso unaoujua wewe siyo ule unaojulikana mtaani. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani waliwaonyesha wanawake picha zao mbili, moja ya kawaida na moja iliyogeuzwa kama kwenye kioo. Wenyewe wengi walipenda ile iliyogeuzwa, marafiki zao wakapenda ile ya kawaida. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sijawahi kukutana na Mtanzania anayeipenda picha ya kitambulisho chake.

"Bosi, tupige piko?" kinyozi akauliza. "Utatoka hapa shemeji hakujui."

Alipaka ndevu, akapaka nywele, akachora ukingo wa paji la uso kwa kiwembe na brashi. Alipofika kwenye ule utosi, mahali ambapo hapakuwa na unywele wa kupaka, akasiliba ngozi moja kwa moja kama fundi anayeziba ufa. Nikamwambia aongeze kidogo.

Sasa piko ina taratibu zake. Inatakiwa ikae ishike, halafu ioshwe mpaka maji yatoke meupe, kwa sababu ile isiyoingia kwenye unywele inabaki juu juu, inasubiri chochote chenye majimaji. Na siku hiyo maji yalikuwa yamekatika. Kinyozi alikuwa na kikombe kimoja, na alikuwa anakinywea. Akanipangusa kwa taulo jeusi, ambalo leo najua lilikuwa limeanza maisha likiwa jeupe.

Nilitoka pale napishana na magari yaliyoegeshwa, kila dirisha lenye tinted nasimama kidogo. Kofia yangu nyeupe ya kudarizi, inayokwenda na kanzu, niliikunja nikaitia mfukoni. Huwezi kulipa hela ya watu halafu ukafunika.

Mwendokasi mpaka Gerezani, hapo nikachukua daladala ya Rangi Tatu, na hapo ndipo ujana ulipoanza kunilipa. Konda akaniambia, "Dogo, sogea nyuma." Dogo! Ningeweza kuwalipia abiria wote. Ila dogo ana wajibu wake: mama mmoja mwenye kikapu akanitazama, akanitazama tena, nikampisha kiti. Nikasimama Kilwa Road nzima, goti la kushoto linanikumbusha mwaka wangu wa kuzaliwa kila breki. Ilikuwa Februari, na ndani ya Hiace watu wazima wanapumua kwa zamu. Nikahisi kitu kinateremka taratibu nyuma ya sikio. Nikadhani ni jasho.

Shangazi alikuwa ananisubiri kituoni. Nilipita mbele yake, akaendelea kusubiri. Nilipomshika mkono akataka kupiga yowe. Akanikagua toka juu mpaka chini, akasema neno moja tu: "Kofia." Nikamwambia kuna joto.

Tukapokelewa vizuri. Sebule ya heshima, makochi yana vitambaa, kabati la vioo limejaa vikombe vya wageni, na umeme haupo, feni imetulia juu yetu inatutazama. Wajomba walikuwa upande mmoja na bibi mzaa mama katikati, kajifunga kanga nyeupe yenye maua. Nikakohoa, nikaanza kama wanavyoanza wenzangu.

"Wazee wetu, tumepita hapa nje, tumeona kwenye bustani yenu kuna ua. Ua hilo limetuvutia, tunaomba kulichuma."

Kimya. Bibi akamgeukia mjomba mkubwa. "Mbona kaja mwenyewe?"

"Nani, mama?"

"Huyu bwana harusi. Siku hizi wanajiposea? Wazee wake wamekufa?"

Shangazi akaingilia kwamba hapana, huyu ndiye mshenga. Bibi akasema mshenga ni mtu mzima, huyu ni mtoto, tena mtoto aliyejipodoa. Nikataja umri wangu. Mjomba mmoja akaguna. Mwingine akasema vijana wa sasa kwa uongo hawajambo, na kama anaanza na uongo wa miaka, mshahara je? Nilikuwa nimetoa hela kuficha zile mvi, na sasa nilikuwa nazitafuta niziweke mezani kama ushahidi.

Nikainama kuitoa barua. Bahasha nyeupe, kishika uchumba ndani. Tone la kwanza liliangukia pale palipoandikwa *Kwa heshima*. La pili likaangukia *heshima* yenyewe. Nikainua macho nikajiona kwenye kabati, katikati ya birika na vikombe: mifereji miwili myeusi imepita kwenye mashavu, imeingia kwenye kola ya kanzu. Nikaichomoa kofia haraka nikaivaa, ikawa nimekamua dodoki. Mtoto aliyekuwa anachungulia mlangoni akakimbia kwenda kumwita mwenzake.

Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Ila bibi akasimama. Akanijia, akakamata kidevu changu kama anavyokamatwa mtoto aliyekula udongo, akachukua pindo la kanga yake akasugua. Akatazama. Akasugua tena.

"Haya! Njooni muone. Ni mzee mwenzangu huyu!"

Wajomba wakaja mmoja mmoja kushuhudia. Mkubwa wao akataka aone na upande wa pili. Baada ya hapo mambo yakanyooka: nikaletewa kiti chenye mto, maji ya kunawa mara mbili, na nikaanza kuitwa "mzee wangu" na wanaume niliowazidi labda miezi. Barua ikapokelewa na madoa yake.

Majibu yalikuja wiki iliyofuata, na mdogo wangu akanipigia nije nimsomee. Mahari ilikuwa ya kawaida. Mkaja wa mama, kilemba cha baba, blanketi la babu, yote sawa. Chini kabisa, kwa kalamu nyingine na mwandiko mwingine, mtu alikuwa ameongeza: *Kanga ya bibi, doti moja, rangi ya giza.*

"Kaka," mdogo wangu akasema, "huo mstari wa mwisho wa kwako."