Kamba ya waya ukingoni mwa Bonde la Ufa: pesa zilitupwa?

Wanaoilaumu Reli ya Uganda, iliyojengwa kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, kwa gharama wana ushahidi. Bunge la Uingereza liliidhinisha pauni milioni 3 mwaka 1896. Hesabu ilipofungwa zilikuwa zimepita milioni 5. Wanachopenda kukinyooshea kidole ni mteremko wa kamba, yaani njia ya kushushia mabehewa kwa kamba ya waya, uliojengwa ukingoni mwa Bonde la Ufa baada ya Limuru, ukatumika hadi 1901, kisha ukaachwa. Kwa nini kujenga mara mbili?

Tupige hesabu. Kutoka ukingoni hadi chini ni karibu mita 450. Njia ya kudumu, ikishuka mita 2 kwa kila mita 100, inahitaji kilomita 22 na nusu za reli ili kumaliza kimo hicho, zote zikichongwa ubavuni mwa mlima, na makorongo yakidai madaraja ya chuma kutoka ng'ambo. Kumbe ukishafika chini, kutandika reli hadi Nakuru ni kazi nyepesi, mradi reli na mataruma yafike.

Basi wahandisi wa George Whitehouse, mhandisi mkuu wa reli hiyo, walishuka moja kwa moja, kwa vipande vinne. Viwili vya katikati vilikuwa vikali kupita kiasi: mita 1 kwa kila mita 2. Injini hapo haina lake, maana magurudumu hushika reli kwa uzito wake tu, yangeteleza. Kwa hiyo behewa liliingizwa juu ya jukwaa lenye magurudumu yake, lililoundwa kama kabari, upande wa bondeni ukiwa mrefu zaidi ili behewa likae sawa na mzigo usimwagike. Lenye shehena likishuka, kamba ilivuta tupu lipande. Bila kuni, bila maji. Mambo yote yako kwenye breki. Tani 15 kwenye mwinamo huo huivuta kamba kwa nguvu ya karibu tani 6.7, na tupu linalopanda hupunguza sehemu tu ya nguvu hiyo. Anayeshika breki akizubaa, mwendo unaongezeka kila sekunde.

Wakosoaji wana haki kuhusu uwezo. Kufunga na kufungua mabehewa kila kipande kunakula muda, na kwa biashara ya kawaida, yenye mizigo ya kwenda na kurudi, mtambo huo ungekwama. Lakini reli inayojengwa haina biashara ya kurudi! Kila kizito kilikuwa kikielekea bara, yaani chini, na uzito huohuo ndio uliofanya kazi.

Halafu zitazamwe tarehe, jambo ambalo hurukwa mno. Njia ya kudumu ya ukingoni ilikuwa tayari Novemba 1901. Tarehe 20 Desemba mwaka huohuo reli ilifika ziwani, Kisumu ya leo, zaidi ya kilomita 300 mbele. Hakuna anayetandika kilomita 300 kwa wiki chache, tena kupitia milima ya Mau. Sehemu kubwa ya chuma hicho ilishuka kwa kamba, huku madaraja ya juu yakiendelea kufungwa boliti. Bila kamba, maelfu ya vibarua kutoka India wangelipwa wakiyasubiri madaraja hayo, na mshahara huo ungeingia kwenye gharama zilezile zinazolalamikiwa. Anayetafuta chanzo cha kuzidi kwa bajeti aanzie kwenye upimaji wa haraka wa njia ya reli, wa 1892.