Tumbili wa Boksi

Nani aliwaambia walimu wa siku hizi kwamba sisi wazazi hatuna kazi? Saa mbili usiku, ugali uko mezani, ndipo kijana anakumbuka. "Baba, mwalimu amesema kesho tulete mnyama anayesonga. Wa boksi na kamba." Uliambiwa lini? "Ijumaa." Leo Jumatatu!

Na boksi lenyewe utalitoa wapi usiku? Tangu CBC, huu mtaala mpya wa shule za Kenya, ianze mwaka wa 2019, maboksi yana wenyewe. Zamani mwenye duka alikuomba umpunguzie takataka. Sasa anakuuliza, "La gredi gani?" Nikapewa la mafuta ya kupikia, kona moja imelowa, na nikashukuru.

Tukachora tumbili. Mama yake akapita, akatazama, akasema, "Ng'ombe amependeza."

Kazi sasa ni kumsongesha. Kila mkono unatobolewa matundu mawili begani. La chini linaushika mkono kwenye mwili kwa uzi wenye fundo mbele na nyuma, na fundo lisibane. Likibana, huna mnyama, una picha. La juu ni la kamba inayounganisha mikono yote miwili kwa nyuma. Katikati ya hiyo unafunga nyingine inayoning'inia hadi chini. Miguu vivyo hivyo. Ukivuta, ncha ya juu inashuka, mkono unapaa. Ni nyenzo tu, ile ya fizikia ya 8-4-4, mtaala wetu wa zamani, niliyodhani ni ya mtihani.

Navuta. Mikono kimya. Mguu mmoja ukainuka pembeni, ukakwama huko. Tumbili gani huyu anakojoa kama mbwa? Nikapanua matundu kwa msumari, nikafungua mafundo kwa meno, mdomo wote ukanuka mafuta ya kupikia. Na mwenye masomo yake? Yuko kwenye kochi, anakoroma, gundi imemkaukia shavuni.

Saa tano na kitu, mikono yote ikapaa! Nikavuta tena. Na tena. Nikamwamsha mama watoto aje aone. Sitasema aliniambia nini.

Jioni yake nikarukia daftari kabla hata ya kuvua viatu. Wino mwekundu: "Anakaribia matarajio." Anakaribia! Mimi, na mvi hizi, fundi bomba ninayeitwa mtaa mzima, nakaribia! Na chini yake, kwa mwandiko mzuri kabisa: "Mzazi ajitahidi kumsaidia mtoto."