Yatima Aliyeletwa na Mama Yake

Miaka michache iliyopita nilijitolea kunakili daftari la kupokelea watoto kwenye kompyuta, katika kituo kimoja nje kidogo ya mji wa Moshi. Daftari lilikuwa na safu tano: jina, umri, tarehe, sababu ya kuletwa, aliyemleta. Kazi ya kunakili haihitaji kufikiri sana, kwa hiyo nilifika ukurasa wa tatu ndipo macho yakaanza kuganda kwenye safu ya mwisho. Mama. Bibi. Mama. Baba mdogo. Mama. Mama. Kwenye safu ya sababu: "hali ngumu", "shule", "hali ngumu", "hali ngumu". Na kibao cha getini kilisema ni kituo cha watoto yatima.

Siandiki haya kuwashtaki waliokuwa wakiendesha kituo kile. Watoto walikuwa wanakula milo mitatu, kila kitanda kilikuwa na chandarua, na akiugua mmoja usiku mlezi alimbeba mgongoni hadi zahanati. Lakini tangu siku ile sijaweza tena kushiriki ule ubishi wa kama mashirika yanayosaidia watoto walio kwenye mazingira magumu yanaleta faida au hasara. Swali linaloniumiza ni jingine: kwa nini mama yule alilazimika kumtoa mwanawe nyumbani ili mwanawe ale?

Si jambo la Moshi peke yake. Makadirio yanayotumiwa sana duniani yanasema watoto wanne kati ya watano walio kwenye vituo vya aina hii wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Wanapelekwa kwa sababu kule kuna sare, kuna ada ya bweni, kuna daktari. Hapa kwetu elimu bila ada ilianza Januari 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaongezwa kidato cha tano na cha sita, lakini mzazi yeyote anajua kwamba ada si gharama yote ya shule. Kuna viatu, madaftari, mchango wa chakula, nauli. Kituo kinapobeba vyote hivyo kwa mtoto aliyehamia kwake, na hakuna anayevibeba kwa mtoto aliyebaki nyumbani, mama hahitaji kushawishiwa na mtu. Hesabu anaifanya mwenyewe.

Na fedha zina njia zake za kupita. Arusha na Moshi ni miji ya watalii. Mtu anashuka mlimani au anarudi kutoka Serengeti, ana siku mbili zimebaki, anapelekwa kuona watoto. Wanamwimbia, analia, anarudi kwao anachangisha. Moyo wake ni safi, sina shaka na hilo. Lakini alichoonyeshwa ni jengo lenye watoto sitini. Bibi anayelea wajukuu watatu huko Kibosho, kwenye njia ambayo gari haifiki wakati wa mvua, hawezi kupigwa picha ya kuchangishia mabweni.

Wanaotaka vituo vifungwe wana ushahidi mzito. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walianza kufuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa kwenye vituo vya serikali mjini Bucharest, Romania. Nusu yao walipelekwa kwa bahati nasibu kwenye familia za malezi, nusu wakabaki kwenye utaratibu wa kawaida. Waliopata familia, hasa waliozipata kabla ya kufikisha miaka miwili hivi, walikua na akili iliyochangamka zaidi na walimudu zaidi kujenga upendo na mtu mmoja wanayemjua. Mtoto mchanga anahitaji mkono uleule, harufu ileile, sauti ileile ikimwitikia anapolia. Walezi wanaopokezana zamu, hata wakiwa wema namna gani, hawawezi kumpa hicho kikamilifu. Kwa mtoto wa umri huo naona mjadala umekwisha.

Ila vituo vya Romania vilikuwa urithi wa utawala wa dikteta Ceaușescu, vikubwa na vya baridi, na hapa ndipo wengi wanakosea kwa kuyahamisha matokeo yale moja kwa moja hadi kwetu. Mwaka 2009 Kathryn Whetten wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto 1,357 walio vituoni na 1,480 wanaoishi kwenye familia, wote wa miaka 6 hadi 12, wote yatima au waliotelekezwa, katika nchi tano. Tanzania ilikuwemo, na watoto wake walitoka Moshi. Kenya ilikuwemo, kutoka Bungoma. Walipima afya, hisia, uwezo wa kufikiri, ukuaji. Wale wa vituoni hawakuwa na hali mbaya kuliko wenzao wa nyumbani. Watafiti waliofuatilia watoto wa Uasin Gishu, Kenya, nao waliona kwamba mahitaji ya msingi, kama chakula, blanketi na viatu, yalipatikana zaidi vituoni kuliko katika kaya nyingi zilizopokea yatima.

Nimewahi kuona matokeo haya yakipokewa kwa furaha na watu wa vituo, kana kwamba wamepewa cheti. Mimi yananisikitisha. Utafiti ule unasema jambo zito kuhusu nyumba zetu: kwamba tumewaachia shangazi na bibi mzigo mkubwa kiasi kwamba upendo wao wote, ukiwekwa kwenye mizani pamoja na njaa, unatoka sare na bweni. Na tuseme ukweli ambao tunauficha kwa kuimba sifa za undugu: si kila nyumba ya ndugu ni salama. Wapo watoto wanaopokelewa kwa baba mdogo wakageuzwa watumishi. Wapo wanaonyanyaswa na haohao waliopaswa kuwalinda.

Nenda mkoa wa Mara msimu wa Desemba unapokaribia. Wasichana wanakimbia ukeketaji usiku, wengine kwa miguu, kwenda nyumba salama kama ile ya Masanga, wilayani Tarime. Wanaomkimbiza msichana huyo kwa kisu ni watu wa nyumbani kwake. Ukimwambia kwamba mahali pa mtoto ni kwenye familia, utakuwa humsemeshi yeye. Ninachokiheshimu katika kazi ya nyumba hizi ni kwamba hazimpokei wakaishia hapo. Msimu ukipita, wahudumu wanaenda na maafisa ustawi wa jamii na polisi kuketi na wazazi, wazazi wanaahidi kutomgusa, na msichana anarudi pale tu inapoonekana nyumbani pana usalama. Mlango wa kuingilia upo, na wa kutokea upo. Daftari nililonakili mimi halikuwa na safu ya tarehe ya kutoka.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: msaada umfuate mtoto alipo. Kumhamisha mtoto iwe hatua ya dharura, yenye mwisho unaojulikana, isiwe bei ya kupata sare. Wala hili si ndoto. Kenya mwaka 2004 ilianza kwa kaya 500 za Nairobi, Kwale na Garissa, kaya zinazolea yatima na watoto walio hatarini, ikazipa fedha taslimu. Mpango ukakua ukafikia shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa kaya. Walipofuatilia vijana wa kaya hizo, waliona uwezekano wa kuanza ngono mapema ulishuka kwa asilimia 31. Hakuna aliyewahubiria. Nyumba ilipata unga na binti akapata sababu ya kubaki shuleni.

Nasi tunayo mifano yetu. KIWAKKUKI, kikundi cha wanawake wa Kilimanjaro kupambana na UKIMWI, kilianza mwaka 1990 kwa wanawake kutembelea wagonjwa majumbani wakati majirani wengine wanaogopa hata kushika kikombe kimoja nao. Wagonjwa walipofariki, wanawake haohao ndio waliojua watoto wamebaki kwa nani.

Niliwahi kuongozana na mhudumu wa kujitolea wa aina hiyo, wa mradi mwingine, hadi kwa bibi mmoja. Tulipofika, bibi alikuwa anapukuchua mahindi barazani. "Shikamoo bibi." "Marahaba wajukuu zangu, karibuni." Mhudumu hakufungua daftari mara moja. Alichukua gunzi, akapukuchua naye kwanza. Kisha akaulizia mjukuu wa kati, ambaye anatumia dawa za kufubaza VVU: jana amekunywa saa ngapi? Akaomba kopo, akahesabu vidonge kiganjani, akakuta viwili vimezidi. Hakugomba. Akauliza tu Jumamosi ile kulikuwa na nini, bibi akakumbuka walilala msibani. Ziara nzima haikufika saa moja. Nilimuuliza bibi kama hakuwahi kufikiria kuwapeleka kituoni. Akasema, "Niliambiwa nimpeleke huyu mkubwa. Nikasema akienda huyu, nani atamsimulia mdogo mama yao alikuwa mtu wa namna gani?"

Sasa tuutazame upande wa pili kwa haki ileile, maana huduma hii ninayoisifu ina udhaifu unaotisha. Sehemu kubwa ya kazi hiyo Tanzania ilibebwa na fedha za Marekani kupitia PEPFAR, mpango wake wa kupambana na UKIMWI ulioanza 2003 na ambao sheria yake ilitenga asilimia 10 ya fedha kwa ajili ya yatima na watoto walio hatarini. Mwaka 2024 ulikuwa unawafikia watoto na walezi zaidi ya milioni 6 duniani. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ikasimamisha misaada ya nje, na ilipofika Julai 1 USAID, shirika la misaada la Marekani, likawa haliendeshi tena misaada hiyo. Mhudumu yule alipata ujumbe kwenye simu kwamba kazi imesimama. Ujumbe mmoja, posho ikakoma, na nauli ya kumpeleka kijana kliniki ikakoma nayo. Kituo cha nje ya mji, chenye wafadhili wake wa makanisa na familia za Ulaya, hakikuyumba.

Hili ndilo jibu zuri kuliko yote nililowahi kusikia kutoka kwa watetezi wa vituo: jengo halifutwi kwa ujumbe wa simu. Sina namna ya kulipinga. Ninachosema ni kwamba linatudai sisi. Rwanda ilipohesabu mwaka 2012 ilikuta watoto 3,323 kwenye vituo 33, ikaanza kuwarudisha kwenye familia, na ikachagua watu wawili kila kijiji, mwanamke na mwanamume, wawe macho na masikio ya watoto. Ni watu 29,674, na hawamsubiri mfadhili ndipo wawe wanakijiji. Kenya nayo ilisitisha kusajili vituo vipya mwaka 2017, na tangu 2022 ina mpango wa miaka kumi wa kuwahamishia watoto kwenye familia. Ninauunga mkono, kwa hofu moja kubwa: kufunga kituo ni rahisi kuliko kufungua mfuko. Ukimrudisha mtoto kwenye hali ngumu ileile iliyoandikwa kwenye safu ya sababu, umemrudishia njaa yake.

Kwetu, TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, umefikia zaidi ya kaya milioni moja, na halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo haumfai bibi wa umri ule anayepukuchua mahindi ya kula. Anachohitaji ni nauli ya kliniki kila miezi kadhaa, na mtu mmoja anayelipwa na halmashauri yake kuhesabu vidonge. Nikipiga hesabu hiyo mbele ya diwani hawezi kuniambia ni fedha nyingi.

Mhudumu bado anapita kwa bibi, kwa kuwa ni jirani na wanasali pamoja. Alinipigia wiki iliyopita. Bibi amemuuliza kama kile kituo bado kinapokea watoto.