Batiki Ichovywe Zaidi ya Mara Moja

Wanunuzi wa batiki hapa Mwanza hupenda rangi iliyokolea, na fundi mwenye haraka huwaridhisha kwa kuongeza unga wa rangi kwenye beseni moja hadi maji yawe mazito, akakichovya kitambaa mara moja, akakianika na kukipeleka sokoni. Kwa maoni yangu, kuchuja kwa batiki nyingi huanzia hapo. Uzi wa pamba una kiasi cha rangi unachoweza kupokea kwa mchovyo mmoja. Kinachozidi hubaki juu juu, na siku ya kufua huondoka na maji, pengine kikiharibu na shuka nyeupe iliyolowekwa pamoja nayo.

Anayetaka kuelewa jambo hili aitazame nili, ile rangi ya buluu ya kutia vitambaa. Ndani ya pipa, nili iliyoondolewa oksijeni huyeyuka na kupenya kwenye uzi. Kitambaa kinapoinuliwa huwa na rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, kisha hewa inapokigusa kinageuka buluu huku unakitazama, kwanza sehemu zilizo wazi, baadaye zile zilizofichwa na mikunjo, kwa kuwa oksijeni huirudisha nili katika hali isiyoyeyuka, nayo ikanasa humo humo. Mchovyo wa kwanza hutoa buluu hafifu; kila unaofuata huongeza tabaka, hadi rangi ikaribie weusi. Kukiacha kitambaa pipani kwa muda mrefu hakuchukui nafasi ya michovyo hiyo, kwani nili iliyokwisha kushika inaweza kuyeyuka tena na kurudi majini.

Zile rangi zinazoungana na pamba kikemikali, ambazo kampuni ya ICI ya Uingereza ilianza kuziuza mwaka 1956, zina tabia nyingine. Zinahitaji magadi ili zishike, lakini katika maji hayo hayo ya magadi sehemu ya rangi huungana na maji badala ya uzi, ikapoteza nguvu. Kwa hiyo beseni la jana halifai kwa mchovyo wa leo: kitambaa kisuuzwe, kisha rangi iandaliwe upya. Na kwa kuwa nta inayopakwa kwenye batiki ili kuzuia rangi isiingie huyeyuka kwa joto, maji hayo yasiwe ya moto.

Hata hivyo, michovyo mingi haimsaidii fundi ambaye hakuliondoa dondo la kiwandani, yaani wanga unaokaza kitambaa kipya, kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kuanza. Jua nalo hupausha kila rangi, ila iliyokolea hadi ndani ya uzi huchelewa kuonyesha.

Kazi hii hula muda na maji, nasi wanunuzi hatuna haki ya kuidai kwa bei ya mchovyo mmoja. Kabla ya kununua, sugua pembe ya batiki kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikitoka na rangi, muulize muuzaji ilichovywa mara ngapi na ilisuuzwaje. Kikibaki cheupe, mlipe fundi bei aliyoitaja.